Daftari la ziada kwa mtu mzima anayerudi shule

Kila tunapopokea wanafunzi wapya wa madarasa ya jioni, nawaomba wanunue daftari moja zaidi ya yale ya masomo. Si lazima liwe kaunta buku, daftari la kawaida linatosha. Humo hawaandiki notisi wala hawafanyi mazoezi. Wanaandika jinsi wanavyojifunza: leo nimeelewa nini, nimekwama wapi, kesho nianzie wapi. Wengi huniangalia kwa mashaka, na wana haki. Mtu amefunga genge jioni, ana watoto wanaomsubiri, hajashika kalamu ya darasani kwa miaka mingi, halafu mwalimu anamwongezea kazi. Naing'ang'ania kazi hiyo, na ningependa nieleze sababu.

Kwa hapa Tanzania, anayesoma sekondari kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima humaliza kidato cha kwanza na cha pili ndani ya mwaka 1, na cha tatu na cha nne ndani ya mwaka mwingine. Katikati anakutana na Mtihani wa Maarifa, ule ambao wote tunauita QT, ndipo aweze kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo aliyekaa nje ya shule muda mrefu ndiye anayekimbizwa zaidi kuliko mtoto wa shule ya kutwa. Tangu serikali ilipotangaza, Novemba 24, 2021, kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi hata katika shule za kawaida, wapo wanaochagua kwetu kwa sababu mchana wana mtoto wa kulea. Mada moja ikiwapita hawana muhula mzima wa kuirudia.

Ugumu ninaouona kuliko wote ni kwamba mtu mzima akikwama, hawezi kusema amekwama wapi. Ukimuuliza atakujibu, "Mwalimu, hesabu siziwezi," au "Baiolojia imenishinda." Analitupa somo zima. Alishawahi kuambiwa hana akili, au alijiambia mwenyewe siku aliyoacha shule, na kila asichokielewa leo anakichukua kuwa ushahidi. Kazi ya daftari hili ni kuyavunja maneno hayo vipande vipande mpaka yabaki kuwa kitu kinachoshikika.

Mama mmoja mwenye duka la rejareja aliandika hivi baada ya kipindi cha milinganyo: "3x + 6 = 21. Sheria inasema 6 ikivuka upande wa pili inageuka hasi. Kwa nini igeuke? Imekosa nini? Nimepata 5, na ndilo jibu, lakini sijui nimelipataje."

Katika daftari la hesabu swali hilo lilikuwa na tiki. Jibu ni sahihi, tungeendelea na mada inayofuata, naye angebaki na sheria asiyoiamini. Chini ya maneno yake nikaandika swali: "Mama, kwenye mizani yako ya dukani, ukitoa kilo 6 upande mmoja, unafanyaje ili ibaki sawa?" Kurasa mbili mbele nikakuta: "Kumbe 6 haivuki popote. Nimeitoa pande zote mbili." Tulipofika kwenye milinganyo yenye x kila upande, yeye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wenzake.

Nasisitiza waandike kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote wanayowazia. Wengi wao walisoma msingi kwa Kiswahili, wakafika sekondari wakakuta kila kitu ni Kiingereza. Matokeo yake matatizo mawili tofauti yanavaa sura moja. Kijana mmoja aliandika kwamba njia ya damu kwenye moyo anaijua, anaweza hata kumweleza mtu, ila swali la jaribio hakuelewa linataka nini. Huyo ukimwambia arudie mada ya mzunguko wa damu unampotezea usiku. Anachohitaji ni kukaa na maswali ya mitihani iliyopita na kuyasoma moja moja, ajue linaagiza aeleze, ataje au alinganishe. Bila daftari, sisi walimu tungeona alama ya chini ya baiolojia, basi.

Sharti langu jingine ni kwamba sehemu ya "nimeelewa nini" iandikwe vitabu vikiwa vimefungwa. Kuna sababu ya kitaalamu. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliosoma makala na kuirudia kuisoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Walipopimwa baada ya wiki 1, mambo yaligeuka: walioisoma kisha wakaandika kile wanachokumbuka bila kuitazama ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inawadanganya hasa watu wa bidii, wale wanaokesha na notisi. Anayeandika kwa kichwa anagundua mapema pale palipo patupu, akiwa bado na muda wa kuuliza.

Waliosoma ualimu au uuguzi watakumbuka hatua za tafakuri za Graham Gibbs, za mwaka 1988: eleza kilichotokea, ulivyojisikia, kilichokwenda vizuri na vibaya, maana yake, hitimisho, kisha mpango. Ni nzuri kwa mwanachuo. Kwa mtu aliyebakiwa na robo saa kabla ya kuzima taa, hatua sita ni nyingi mno, ataziacha wiki ya kwanza. Mistari mitano ya kweli inanitosha, hata ikiwa na makosa ya tahajia. Sitii kalamu nyekundu humo.

Kuhusu siri niseme wazi, maana hapa ndipo daftari hufa au kupona. Mambo ya nyumbani huingia tu: mume asiyetaka masomo, mtoto aliyelazwa, aibu ya kukaa darasani na msichana wa umri wa binti yako. Waandike. Makubaliano yetu ni kwamba ukurasa uliokunjwa siusomi, na hilo nalitimiza bila kuchungulia. Mwanafunzi akihisi tu kwamba umechungulia, kuanzia hapo atakuandikia yale anayodhani unapenda kuyasikia, na daftari halitakuwa na faida kwake wala kwako.

Kama unasoma peke yako bila kituo, fanya hivi: kila Jumapili soma ulichoandika wiki nzima, na kila penye "nimekwama" ambapo sasa umeelewa, piga mstari. Ambapo bado, nakili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Ikifika Septemba, miezi miwili kabla ya mtihani, anza marudio yako na ukurasa huo kabla ya kugusa sura ya kwanza ya kitabu chochote, na ukimpata mwalimu au jirani aliyemaliza kidato cha sita, mpelekee huo huo.