Mtoboa buni hamalizwi kwa kuongeza dozi

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, wakulima wadogo wa kahawa hutuletea lalamiko lilelile, kwamba dawa za siku hizi hazimuui mtoboa buni, mdudu mdogo anayeshambulia matunda ya kahawa. Mara nyingi kiuatilifu hakina kosa. Jike la mtoboa buni, ambalo urefu wake haufiki milimita 2, hutoboa tunda kwenye kitovu na kutaga ndani ya punje, na watoto wake hula, hukua na kupandana humohumo. Madume hayana uwezo wa kuruka. Sumu inayobaki juu ya ganda haiwafikii. Mkulima anayeongeza dozi, au anayepulizia dawa ya kuogeshea mifugo (jambo tunaloendelea kulikuta mashambani licha ya mafunzo yote), huua nyigu wadogo ambao ni maadui wa mdudu huyo na kumwacha mwenyewe salama.

Kazi kubwa ipo baada ya mavuno. Buni zilizokaukia mtini na zilizoanguka chini ndimo mdudu anamojihifadhi hadi msimu unaofuata, hivyo zichumwe na kuokotwa zote, kisha zitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika chache au zifukiwe kwenye shimo refu. Kuzirundika mpakani ni kumhamishia jirani wadudu. Wakati wa mavuno, buni zilizoiva zichumwe kila baada ya wiki moja au mbili, na mibuni ipogolewe ili mchumaji azione. Mtego wa chupa nyekundu wenye methanoli na ethanoli, na maji ya sabuni chini yake, husaidia kunasa majike yanayoruka na kuonyesha yanapoanza kuruka, lakini hauchukui nafasi ya kuokota. Methanoli ni sumu kali. Isihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

Afisa ugani akishauri kupuliza, lifanyike mapema, kabla majike hayajazama ndani ya punje, na kwa kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kuuza kiuatilifu kisichosajiliwa ni kosa la jinai. Kabla ya kulipa, mnunuzi akague lakiri, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, na idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kupuliza na kuchuma. Siku hizo si mapendekezo. Umoja wa Ulaya, kwa kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake mahsusi, haukubali masalia yanayozidi miligramu 0.01 kwa kilo, na kwa kuwa kahawa ya wanachama wengi huchanganywa katika chama cha msingi, mkulima mmoja anaweza kuharibu mzigo wa wote.

Mwenye malalamiko kuhusu dawa aende kwa afisa ugani akiwa na risiti, chombo chenye lebo yake na dawa iliyobaki. Dawa iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni haina lebo wala namba ya usajili, na hatuna namna ya kuishughulikia.