Nesi wa Tanzania na usajili wa Uingereza: yanayosemwa na yalivyo

Uvumi unaowakatisha tamaa manesi wengi ni kwamba Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, kwa hiyo "hawatuchukui". Orodha ipo, na sisi tumo. Inafuata ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Lakini kinachokatazwa ni waajiri na mawakala kuja kututafuta. Nesi anayeomba kazi mwenyewe, kwa hiari yake, hazuiwi.

Hapo hapo ndipo wakala anapopenyea: "Bila mimi hupiti." Si kweli. Maombi ya usajili unayafungua mwenyewe mtandaoni kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, na ada unawalipa wao moja kwa moja. Tena sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu fedha ili amtafutie kazi. Akikudai milioni mbili za "kukuunganisha", ondoka. Inaniuma kuona watu wakiuza kiwanja kwa jambo hili.

"Stashahada yetu haitambuliwi, utaanza chuo upya." Hapana. Wala leseni ya nyumbani haigeuki tu kuwa ya kule. NMC wanaihakiki, baraza letu linawathibitishia kwamba umesajiliwa, kisha unapimwa kwa mitihani miwili. Wa kwanza, CBT, ni wa kompyuta na unaweza kuufanya ukiwa nje ya Uingereza: hesabu za dawa na maswali ya uuguzi. Kwa mfano, daktari ameandika miligramu 75, ampuli ina miligramu 50 katika mililita 2. Unavuta mililita 3. Aliyewahi kushika zamu ya usiku wodini hesabu hiyo anaijua.

Kiingereza je? "Nimesomea tangu kidato cha kwanza." Hilo peke yake halikuvushi. Kuna mitihani ya Kiingereza: wengi hufanya OET, ya wahudumu wa afya, au IELTS ya kitaaluma wakitakiwa kupata 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni hii: mwenye miaka kumi wodini hahitaji kujiandaa kwa OSCE. Huu ndio mtihani wa pili, wa vitendo, na unafanyika Uingereza peke yake. Una vituo 10, yaani sehemu unazopitia moja baada ya nyingine. Unaingia, mgonjwa yuko kitandani, karatasi ya dawa mezani, msimamizi kasimama pembeni. Wodi zetu zilitufundisha kasi: wagonjwa arobaini, manesi wawili, mkono unajua njia kabla ya mdomo. Pale ukimya unakuponza. Nawa mikono. Jitambulishe. Muulize jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na utepe wa mkononi. Muulize kama ana mzio wa dawa yoyote. Omba ridhaa yake. Ukiruka swali la mzio, hata kama sindano umeichoma vizuri kuliko wote, umempa mgonjwa dawa bila kujua kama itamdhuru. Kwa kulisisitiza hilo, nawaunga mkono NMC kabisa.

Na kuanguka si mwisho wa safari. Maombi mamoja yanakupa nafasi tatu, na ukishindwa vituo saba au pungufu unarudia hivyo tu. Ada ya mara ya kwanza ni paundi 794, na waajiri wengi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, huilipa. Ila aliyekwenda kwa viza ya kazi afanye mtihani wa kwanza ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi, kwa hiyo mazoezi yaanzie nyumbani. Rafiki yangu aliyeangushwa na kituo cha dawa alikuwa akilaza mto kitandani kila jioni, ameufunga utepe wa karatasi, anauuliza kwa sauti: "Mama, una mzio wa dawa yoyote?" Alirudia kituo hicho kimoja, akapita.