Kwa nini "wait me" si Kiingereza

"Wait me." Nimewahi kumtumia mgeni ujumbe huo nikiwa ndani ya daladala, naye ameshafika getini ananisubiri. Alinielewa, na alisubiri. Lakini ujumbe ule ulikuwa na pengo la neno la herufi tatu, "for". Ilitakiwa "wait for me". Pengo lenyewe lilitoka kwenye Kiswahili changu: kichwani nilikuwa nasema "nisubiri", na ndani ya "nisubiri" hamna mahali pa kuchomeka "for".

Tuanze na majina. Kihusishi ni neno linaloonyesha uhusiano wa kitu na kingine. Kwa Kiingereza ni "to", "for", "with", "on", "behind" na wenzao. Kiwakilishi hukaa badala ya nomino: mimi, yeye, wao. Kihusishi kikifuatwa na kiwakilishi, hapo pana kirai kihusishi: "to me", "with them", "behind her". Mwenye lugha hutamka haraka hadi unasikia neno moja, ila ni mawili, na lile la kwanza halimezwi na kitenzi.

Kiswahili kina mpango wake. Mara kihusishi na kiwakilishi vinaungana: na mimi huwa nami, na yeye huwa naye. Mara kiwakilishi kinageuka kimilikishi: kwangu, mbele yake, kati yetu. Na mara nyingi kihusishi hukioni kabisa, kimeingia tumboni mwa kitenzi. Chukua "nipikie chai". Ile ni- ya mwanzo ndiyo mimi, na -i- inayofuata "pik" ndiyo kauli ya kutendea, inayofanya kazi ya "for". Mwingereza lazima ayatoe yote nje: "make some tea for me".

Kwa hiyo ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kazi yako kubwa ni kukichomoa kihusishi kilichojificha. Taabu ni kwamba kila kitenzi cha Kiingereza kina masharti yake. "Aliniambia" ni "he told me", hakuna kitu katikati. Ukitumia "say" unadaiwa "to": "he said to me". "Alinieleza" ndiyo inayowaponza wengi, wanasema "he explained me", na masikioni mwa Mwingereza inakuwa kama wewe ndiye fumbo, mtu kakufumbua. Sema "he explained it to me". "Nisikilize" ni "listen to me", "niangalie" ni "look at me", halafu "nisaidie" inakuja "help me" tupu. Usitafute kanuni ya kukuokoa hapa. Kitenzi kijue pamoja na kihusishi chake, kama unavyomjua mtu kwa jina lake na la baba yake.

Umbo la kiwakilishi chenyewe halina makuu. Baada ya kihusishi, "I" huwa "me", "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us", "they" huwa "them". "You" na "it" hazibadiliki. Zamani hata nomino za Kiingereza zilibadilika miisho kufuatana na kazi zake kwenye sentensi. Karibu zote ziliacha, viwakilishi vikabaki na tabia ya wazee.

Na Waingereza wenyewe wanateleza hapo hapo. Utawasikia wakisema "between you and I", kwa sababu utotoni walikemewa sana kwa kusema "me and John went", wakaishia kuiogopa "me" hata pale ilipo kwao. Si mtindo wa jana pia. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, barua ya Antonio inasema madeni yote yamefutwa "between you and I". Ukiteleza hapo umeteleza na wakubwa, ila kwenye mtihani andika "between you and me". Njia ya kujipima ni kumwondoa mwenzako kwenye sentensi: "this is for John and I" ukimtoa John inabaki "this is for I", na hiyo hata anayeanza anasikia imekaa vibaya.

Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wanaokijua Kiingereza vizuri ni jingine. Tunasema "mtu niliyezungumza naye". Ile naye haitoki. Ukisema "mtu niliyezungumza na" umekata maneno katikati. Basi mtu anaihamisha ilivyo: "the person I talked to him". Kiingereza hakitaki "him" hapo. "The person" ameshatajwa mwanzoni, na nafasi yake baada ya "to" inaachwa wazi: "the person I talked to". Kwetu kihusishi kisichofuatwa na kitu ni yatima. Kwao kinakaa mwisho wa sentensi bila wasiwasi, hata kwenye swali: "Who are you talking to?"

"Kwake" nayo ina mitego miwili. Kwanza lazima uchague "him" au "her", jambo ambalo Kiswahili hakikuulizi, na ndiyo maana msimulizi anaweza kuanza na shangazi akamaliza na mjomba. Pili, kwake ni nyumbani pia. "Naenda kwake" si "I am going to her", ni "I am going to her place".

Kisha kuna vineno vinavyofanana na vihusishi lakini vimeoana na kitenzi. "Zima taa" unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off", zote sawa. Taa ikishageuka "it", lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" hakuna. Lakini "look at it" haigeuzwi, kwa kuwa "at" ni kihusishi halisi na hakikubali kutanguliwa na kiwakilishi chake.

Kirai kimoja kilinichukua muda mrefu kukizoea. Ukitaka kujua kama mtu ana hela mfukoni, unauliza "Do you have any money on you?" Neno kwa neno ni "juu yako", kana kwamba noti zimemkalia begani. Na asiyekuwa nazo hasemi "on myself", hata kama anajizungumzia mwenyewe. Anajipapasa mifuko, anasema, "Not on me."