Mafunzo endelevu siyo semina ya siku mbili

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Kikao hapa mjini, mtu mzima tu, anaheshimika, anasoma taarifa ya maktaba ya taasisi yao, akafika kwenye kipengele cha watumishi akasema "mafunzo endelevu yalishafanyika mwaka juzi kwa siku mbili, hilo tumelimaliza." Watu wakaitikia kwa kichwa, kikao kikasonga. Mi nikabaki nimeandika kwenye daftari "endelevu" na "tumelimaliza", nimeyazungushia yote mawili, kwa sababu hayo maneno hayawezi kulala kitanda kimoja.

Maana yake haina mlolongo. Mafunzo endelevu ni kujifunza ambako mtu anaendelea nako muda wote akiwa kazini, baada ya kumaliza chuo, ili ujuzi wake usiachwe nyuma na kazi yenyewe. Walimu wanalijua hili kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, wanakaa kwenye jumuiya za kujifunza hukohuko shuleni. Kwa mkutubi, mkutubi msaidizi na mhudumu wa maktaba ni kitu kilekile. Na tusichanganye na field, wale vijana wanaotoka chuo cha ukutubi Bagamoyo kuja kukaa na sisi wiki kadhaa bado ni wanafunzi, wao hata kuanza kazi hawajaanza.

Sasa shida yangu iko kwenye hiyo "vu" ya mwishoni, ambayo watu wanaipita kama kituo cha daladala ambacho hakuna anayeshuka. Angalia ndugu zake: kuvumilia inazaa mvumilivu, kusikia msikivu, kutulia mtulivu, kunyamaa mnyamavu. Hakuna hata moja hapo linalosema tendo la siku moja, yote yanasema tabia. Mtu akinyamaza kwenye kikao kwa sababu koo linamuuma hatumwiti mnyamavu, na mtoto aliyetulia nusu saa kwa sababu kapewa simu, mama yake akisema "mwanangu mtulivu" majirani watamwangalia tu. Mpaka uwe hivyo leo na kesho na mwezi ujao ndo unapewa hiyo "vu". Na endelevu ndo ilivyo, imetoka kwenye enda, neno dogo kabisa ambalo hata mtoto analijua, likavutwa likawa endelea, yaani kwenda na kuzidi kwenda, halafu likapewa vu likawa sifa ya kitu chenye tabia ya kuendelea. Kitu kilichoanza Jumatatu kikaisha Jumanne saa tisa na watu wakapewa vyeti vya ushiriki kinaitwa semina, na semina ni kitu kizuri, mi mwenyewe Koha, hii programu ya maktaba iliyoanzia New Zealand, niliiona kwa mara ya kwanza semina. Ila nilijua kuitumia miezi mingi baadaye, nikiwa nimekaa na mwenzangu pembeni tunakosea na kurudia.

Hata hilo neno mafunzo lina undani wake, linatokana na kufunda, kulekule kwa kungwi na mwali. Na sisi watu wa pwani tunajua kwamba mwali akishatolewa nje somo yake, yaani yule kungwi wake, hajaachana naye, atamwita pembeni siku ya harusi, atamwita akijifungua, atamwita hata ndoa ikiwa na miaka kumi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao kwa kweli unaniumiza kuliko huo wa semina, nao ni kusema mafunzo endelevu ukimaanisha kujiendeleza. "Fulani yuko kwenye mafunzo endelevu, karudi chuo." Hapana jamani, huyo kaenda kujiendeleza, alikuwa na cheti anatafuta diploma au digrii, na Mungu amsaidie amalize, lakini hicho ni kitu kingine, kina mwisho wake na mwisho wake ni cheti kikubwa zaidi na pengine cheo. Isikilize hiyo "ji" katikati, kujiendeleza, mtu anajifanyia mwenyewe, ada anatafuta mwenyewe, ruhusa anaihangaikia mwenyewe, nauli ya kwenda na kurudi ni yake. Ukigeuza ukasema kuendelezwa, hapo mwajiri ndo anafanya na mtumishi anafanyiwa. Lakini endelevu haina ji wala haina wa, haimtaji mtendaji yeyote, na mi naona hapo lugha imetutendea haki, kwa sababu kazi hiyo ni ya wote wawili, mtumishi alete bidii na mwajiri alete muda. Tukishaliita kujiendeleza mwajiri anatoka kwenye picha kimyakimya, na kuna wasaidizi wa maktaba mji huu wana miaka kumi kaunta hawajawahi kupewa hata saa moja ya kujifunza, ukiuliza unaambiwa "hawajiendelezi."

Niseme nilichokiona kwa macho yangu, maktaba siitaji. Mwanafunzi kaja kaunta, "shikamoo dada, naomba kitabu cha mwalimu wetu," akataja jina. Dada wa kaunta akaitikia, akatafuta kwenye kompyuta kwa jina la mwandishi, hakuna. Akarudia akianza na jina la ukoo, hakuna. "Mdogo wangu, hatuna." Kumbe kitabu kipo, kiko rafu ya 967.8, pale kwenye historia ya Tanzania, hatua kama ishirini kutoka aliposimama. Kina waandishi wanne na yule mwalimu ni wa tatu. Aliyekikatalogi, yaani aliyekiandika kwenye orodha ya maktaba, alifuata kanuni alizofundishwa chuoni, zile za AACR2 zilizotoka 1978, ambazo zinasema waandishi wakizidi watatu unamtaja wa kwanza peke yake, wengine unaweka alama ya "na wenzake". Enzi za kadi, orodha ikiwa ni kadi za karatasi kwenye droo, ilikuwa na maana, kadi ndogo, nafasi hakuna. Lakini mwaka 2010 zilitoka kanuni mpya, RDA, zinazoruhusu kuwaandika wote, na maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kuzitumia rasmi tarehe 31 Machi 2013. Aliyekatalogi hakuwa mvivu na hakuwa mjinga, chuoni alifaulu vizuri tu, ila tangu atoke huko hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kanuni zimebadilika.

Na hii haikuanza kwetu. Wakutubi wa zamani waliosomea Makerere, kwenye ile shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1963, walifundishwa kadi na droo, wakaja kustaafu kwenye kompyuta. Waliovuka salama walivuka kwa kuulizana kila siku, hiyo kazi yao haibebeki kwenye semina moja.

Kilichofanyika baada ya yule mwanafunzi ndicho ninachotaka watu wakione wanapotamka hili neno. Msaidizi mmoja kijana aliomba kwa mkuu wake nusu saa kila Alhamisi asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Wanakaa watatu kwenye kompyuta moja, wanavuta rekodi tano za zamani, wanachukua kitabu chenyewe mkononi, wanasoma ukurasa wa jina, wanaongeza waandishi walioachwa, na wakikwama wanaandika swali la kuuliza wenzao wa maktaba nyingine. Bango hakuna, posho hakuna, chai wanaleta wenyewe kwenye chupa. Nilipopita mwezi uliopita walikuwa bado wanaendelea, na yule dada wa kaunta ndo alikuwa ameshika mausi, anawaelekeza wenzake.

Kwa hiyo yule ndugu yangu wa kikaoni, simlaumu, taarifa zinaandikwa usiku na neno hili limezagaa. Ningemwomba tu kipengele kile kisomeke "watumishi walihudhuria semina ya siku mbili mwaka juzi," ni kweli na hakuna aibu ndani yake. Halafu chini yake aache mstari wa mafunzo endelevu ukiwa mtupu mpaka watumishi wake nao wapate Alhamisi yao.