Ukitaka umri wa pafti, bizimu la mshipi la Balkani, igeuze

Mkufu wangu wa kwanza kutoka Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, niliuuza kwa hasara, na kosa lilikuwa langu. Ulikuwa wa sarafu za fedha za Milki ya Osmani, dola ya Waturuki iliyotawala huko, kila moja imetobolewa na kuning'inizwa kwenye mnyororo mwembamba. Niliona 1293 kwa tarakimu za Kiarabu, nikapiga hesabu papo hapo: mwaka 1293 wa Hijria ulianza mapema 1876. Nikalipa bei ya kitu cha 1876.

Sarafu hizo hazisomwi hivyo. Mwaka ulioandikwa hapo ni ule ambao sultani alitawazwa, na 1293 ndio mwaka wa Abdülhamid II. Mwaka wenyewe wa kufuliwa umejificha upande wa pili, chini ya tughra, ile saini ya sultani yenye mikunjo, kama tarakimu ndogo tu: mwaka wa ngapi wa utawala wake. Kwangu ilikuwa 25. Jumlisha 1293 na 25, toa 1, unapata 1317, yaani 1899 au 1900. Ukikuta 1255 ni Abdülmecid, 1277 ni Abdülaziz. Hesabu ni ileile.

Hata hapo usikimbilie kufurahi. Mkufu wa bibi harusi ulikuwa pia akiba ya nyumba. Shida ikibisha hodi, sarafu mbili zinatoka. Mavuno yakiwa mazuri, tatu zinaingia. Kwa hiyo natafuta sarafu changa kuliko zote, kisha natazama tundu lake. Tundu lililovaliwa miaka mingi limelainika na kuvutika upande wa juu. Tundu lenye kingo kali limetobolewa juzi. Vipande vyepesi vya shaba vya kuigiza sarafu, vyenye maandishi yasiyosomeka visikutishe, maana wanawake wa zamani wenyewe walivishona kwenye mavazi yao pale fedha ilipopungua.

Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wote. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyozunguka Zanzibar na ambayo masonara wa Oman waliiyeyusha kufua bangili na vikuku, imeandikwa 1780 daima, hata zile zilizofuliwa London na Bombay karne ya 20. Na huko Balkani pia inaning'inia shingoni.

Lakini ninachokipenda hasa ni pafti, bizimu kubwa la mshipi la Bulgaria na Makedonia. Huja jozi, mara nyingi kwa umbo la jani au la tone la maji lenye ncha iliyopinda, na jozi moja inaweza kufunika tumbo zima la bibi harusi. Uso wake una nyuzi za fedha, vioo vyekundu na kijani, marijani, wakati mwingine lulumizi iliyochongwa. Wauzaji huulaza uso juu, nami huomba kuugeuza.

Nyuma ndiko kwenye ushahidi. Pini inayounganisha vipande imelika? Imelika upande ule ambao mshipi ulikuwa ukivuta? Lehemu ni ya fedha, au ni ya kijivu, ya bati na risasi, kazi ya fundi aliyeikarabati baadaye? Vitundu vidogo vya hewa huonyesha kuwa imesubiwa, ila hilo pekee si hukumu, kwani pafti nyingi za kale nazo zilisubiwa, hasa za shaba. Ninachokikataa ni pafti iliyochakaa usoni huku nyuma kingo zake bado zinakata kidole.

Watu huniuliza kama haya ni mapambo ya Waislamu. Utakuta jani la arabeski, mchoro wa Kiislamu wa mimea iliyosokotana, na Mtakatifu George kwenye pafti moja. Mafundi wengi mashuhuri walikuwa Wakristo: Chiprovtsi, Bulgaria, ulikuwa mji wa wafua fedha hadi uasi wa 1688 ulipozimwa na mji ukateketezwa. Kutoka Epirus, Ugiriki, alitokea sonara Sotirio Bulgari, aliyefungua duka Roma mwaka 1884. Mtindo ulikuwa wa dola, mikono ilikuwa ya kila mtu.

Usisafishe kwa dawa ya kuchovya. Weusi ulio kwenye michoro unaweza kuwa savat, mchanganyiko wa fedha, shaba, risasi na kiberiti ulioyeyushwa humo makusudi, na dawa itaula. Dhahabu iliyopakwa kwa zebaki nayo ni utando tu. Kitambaa laini kinatosha.

Na dai karatasi. Uturuki hairuhusu vitu vya kale kutoka nchini. Ugiriki, sheria inahesabu vitu vya hadi 1830 kuwa vya kale na kuvilinda. Muuzaji anayekuapia kuwa pafti ni ya miaka ya 1700 na imetoka Ugiriki, muulize ilitokaje.