Dhana potofu kuhusu obiti na mabapa yake

Mchoro wa Mfumo wa Jua uliozoeleka vitabuni huonyesha Jua katikati na sayari nane zikilizunguka katika miduara iliyopangwa vizuri kwenye ukurasa mmoja. Unafaa kwa kuanzia, lakini dhana nyingi potofu kuhusu obiti, yaani njia ambazo magimba ya angani hufuata yakizunguka mengine, zimezaliwa nao, kwa kuwa karatasi ina vipimo viwili ilhali anga ina vitatu.

Wengi huamini kwamba sayari zote huzunguka katika bapa moja. Ukweli ni kwamba kila sayari ina bapa lake, yaani uso ulionyooka, usio na unene, unaopita katikati ya Jua na kubeba njia yote ya sayari hiyo. Wanafalaki wamelichagua bapa la obiti ya Dunia, liitwalo ekliptiki, kuwa msingi wa kupimia mengine, na pembe iliyopo kati ya bapa la gimba fulani na ekliptiki ndiyo mwinamo wa obiti yake. Mwinamo wa Utaridi ni nyuzi 7.0, wa Zuhura 3.4, wa Mshtarii 1.3, na wa Pluto, ambayo ni sayari kibete, unafika 17. Wa Dunia huandikwa sifuri, jambo ambalo halitokani na cheo chochote cha Dunia bali na ukweli kwamba wapimaji wanaishi juu yake. Mabapa ya sayari yanakaribiana kwa sababu zote zilitokana na sahani moja ya gesi na vumbi iliyolizunguka Jua changa miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita.

Nyuzi chache zinaweza kuonekana kuwa si kitu, na hapo ndipo dhana ya pili inapojificha: kwamba kila Mwezi mpevu ungepaswa kupatwa, kwa kuwa Dunia huwa iko kati yake na Jua. Obiti ya Mwezi imeinama nyuzi 5.1 tu kutoka ekliptiki, lakini kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400 pembe hiyo inatosha kuupeleka Mwezi zaidi ya kilomita 34,000 juu au chini ya bapa hilo, huku kivuli kizito cha Dunia mahali hapo kikiwa na upana wa kilomita 9,200 hivi. Basi mara nyingi Mwezi hupita mbali na kivuli bila kuguswa. Ili Mwezi au Jua lipatwe, Mwezi lazima uwe mpevu au mwandamo ukiwa karibu na nodi, yaani mojawapo ya nukta mbili ambapo obiti yake hukata ekliptiki, na Jua nalo lazima liwe upande wa nodi mojawapo. Hali hiyo hujirudia kila baada ya siku 173 hivi. Nodi zenyewe hazitulii. Husogea kuelekea magharibi na kukamilisha mzunguko kwa miaka 18.6, ndiyo maana majira ya kupatwa hayaangukii tarehe zilezile kila mwaka. Zuhura nayo hufuata kanuni hiyohiyo: ilipita mbele ya Jua mwaka 2004 na 2012, na haitapita tena hadi 2117.

Mwinamo wa obiti pia huchanganywa na mwinamo wa mhimili, yaani mstari ambao gimba hujizungushia. Uranusi imelala ubavu, mhimili wake ukiwa umeinama nyuzi 98, lakini obiti yake imeinama chini ya nyuzi 1.

Kuna pia wanaodhani kuwa obiti ya Dunia ni duaradufu iliyorefuka sana, na kwamba joto la majira hutokana na Dunia kulikaribia Jua. Mwanafalaki Johannes Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu yenye Jua kwenye fokasi mojawapo, yaani moja ya nukta mbili za ndani zilizo kando ya kitovu chake, lakini duaradufu si lazima ibonyee mithili ya yai. Kipimo cha kubonyea, kiitwacho esentrisiti, ni 0.0167 kwa Dunia. Ukiichora obiti hiyo kwa upana wa sentimita 20, kimo chake kitapungua kwa takriban milimita 0.03, kiasi ambacho ncha ya penseli haiwezi kukionyesha. Jua, hata hivyo, litakaa milimita 1.7 kando ya kitovu. Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati nusu yake ya kaskazini iko katika baridi. Majira hutokana na mhimili ulioinama nyuzi 23.4.

Je, mwinamo na ukubwa vinatosha kuieleza obiti? La. Zinahitajika namba sita: nusu ya kipenyo kirefu, esentrisiti, mwinamo, upande ilipo nodi ambayo gimba hupitia likielekea kaskazini mwa ekliptiki, pembe kutoka nodi hiyo hadi nukta iliyo karibu zaidi na Jua, na mahali gimba lilipo kwa wakati uliotajwa. Mwinamo unaozidi nyuzi 90 humaanisha gimba linazunguka kinyume na sayari, kama nyotamkia ya Halley yenye nyuzi 162. Thamani ya namba hizi ilidhihirika mwaka 1801. Mwanafalaki Giuseppe Piazzi aligundua Ceres, ambayo ni sayari kibete, tarehe 1 Januari, akaifuatilia kwa majuma machache tu, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 24, alikokotoa obiti yake kutokana na vipimo hivyo vichache, na tarehe 31 Desemba ikaonekana tena karibu na pale alipotabiri.

Hata hivyo, namba hizo si za milele, kwa kuwa sayari huvutana na kuzibadilisha polepole, ndiyo sababu jedwali la obiti huandikwa pamoja na tarehe yake. Nukta ambapo Utaridi hulikaribia Jua zaidi husogea kila karne, na baada ya kuondoa mvuto wa sayari nyingine, hubaki sekunde 43 za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja) ambazo hesabu za Newton hazikuweza kuzieleza. Albert Einstein alizipata mwaka 1915 kwa nadharia yake ya uhusianifu wa jumla.