Dingle, Ireland: bahari ndiyo inayopanga ratiba

Dingle ni mji mdogo wa wavuvi kwenye rasi iliyo katika kaunti ya Kerry, magharibi kabisa mwa Ireland. Wageni wengi huutengea siku moja, na hilo ndilo kosa. Huku upepo na mawimbi ndivyo vinavyoamua. Lala angalau usiku tatu, kila asubuhi angalia utabiri wa bahari, na siku ya kwanza iliyo shwari itengee visiwa vya Blasket. Mengine yanaweza kungoja.

Jambo la makaratasi kwanza: Ireland haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Ireland yenyewe. Kutoka Dublin, treni hadi Tralee huchukua takriban saa nne, kisha unapanda basi hadi Dingle.

Kisiwa kikubwa ni Great Blasket. Boti za kutoka gati ya Dunquin hufika kwa takriban dakika 20, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Septemba. Shida ni kushuka. Kisiwani hakuna gati ya maana, kwa hiyo abiria huhamishiwa kwenye kiboti cha mpira kinachowafikisha penye mawe. Ndiyo maana safari hufutwa hata jua likiwaka: kinachozuia si mvua, ni mawimbi marefu ya Atlantiki yanayopandisha na kushusha kiboti wakati mtu anatia mguu nchi kavu. Piga simu asubuhi kabla hujaondoka mjini. Wakazi wa mwisho walihamishwa mwaka 1953, kwa hiyo beba chakula na maji, na uvae viatu visivyoteleza. Safari ikifutwa, nenda Blasket Centre palepale Dunquin, ambapo maisha ya kisiwani yameelezwa vizuri, tena chini ya paa.

Barabara ya Slea Head ni mzunguko wa kilomita 47 unaoanzia na kuishia mjini. Izunguke kwa kufuata mwendo wa saa. Magari hupita kushoto kama Afrika Mashariki, hivyo bahari itakuwa upande wako na utaingia kwenye vituo vya kutazamia mandhari bila kukata barabara. Mabasi ya watalii nayo huzunguka hivyohivyo. Ukienda kinyume mtakutana uso kwa uso palipo pembamba, na atakayerudi nyuma ni wewe. Kuna mahali kijito hukatiza juu ya lami, pita polepole. Kilomita 47 zinaonekana chache, lakini tenga saa nne.

Njiani simama Gallarus, kanisa dogo la kale lililojengwa kwa mawe makavu bila chokaa wala saruji. Mawe yamelazwa yakiinamia nje kidogo ili maji ya mvua yachuruzike. Mvua za karne nyingi zimelijaribu.

Sasa ufuko. Ufuko wa Inch, kwenye rasi hiihii, una mchanga wa takriban kilomita 5, na magari huruhusiwa kushuka mchangani. Hapo ndipo watu huharibikiwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kama dakika 50 kila siku, sawasawa na Lamu au Pemba. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda juu zaidi kuliko alama za jana. Gari likizama kwenye mchanga laini, huna muda mrefu. Mimi ningeliacha juu, nitembee.

Hata kiangazi maji huwa kama nyuzi 15. Mwili uliozoea bahari ya Mombasa hushtuka: pumzi hukatika, ukavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kimo majini unameza maji. Ingia taratibu, simama maji yakiwa kifuani, subiri dakika moja au mbili pumzi itulie, ndipo uogelee. Kaa kati ya bendera za nyekundu na njano. Coumeenoole, chini ya Slea Head, ni pazuri mno kwa picha, lakini mikondo yake ni hatari, usiogelee. Dharura ikitokea piga 112 uombe walinzi wa pwani.

Jioni kuna muziki wa asili baani. Kula mapema, kwani majiko mengi hufungwa mnamo saa tatu usiku. Walio chini ya miaka 18 hutakiwa kutoka baa saa tatu, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Usiyekunywa pombe, agiza chai, hakuna atakayekushangaa.

Mwisho, vibao. Hili ni eneo la Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, na barabarani Dingle huandikwa An Daingean au Daingean Uí Chúis, Dunquin ni Dún Chaoin, na Ventry, kijiji cha kwenye barabara ya Slea Head, ni Ceann Trá. Yaandike majina yote mawili kabla ya kuondoka. Vyooni, Fir ni wanaume na Mná ni wanawake. Anayekisia kwa herufi za Kiingereza huingia kusiko.